Bampa la Landrova

Saa tatu asubuhi Mwishehe alikuwa chali chini ya Landrova yake, akipambana na nati zilizogoma kwa kutu. Fundi Leodegar alisimama pembeni, spana mkononi, akichagua maneno.

"Gari la Kizaramo hili. Hata nati zake hazitaki kazi."

"Wewe Mnyamwezi nyamaza," Mwishehe alijibu kutoka mavumbini. "Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akaomba maji kwetu."

"Na leo mjukuu wa mwenye maji kaniletea mzigo wake!"

Utani huo ulimpoza, maana tangu juzi alikuwa amefura. Juzi, sokoni Mlandizi, alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akaanza kushusha mihogo. Gari jeupe la ofisi moja likarudi nyuma bila kutazama, likampasulia bampa katikati. Mkubwa aliyekuwemo hakuteremsha hata kioo. Trafiki alipofika akakipigia saluti kile kioo, kisha akachukua leseni ya Mwishehe. Lete gari zima kabla ya Jumanne saa kumi, alisema, la sivyo leseni inakwenda mkoani na utaifuata huko. Sasa ndiyo Jumanne. Kesho ni siku ya kliniki ya wajawazito, naye ndiye huwabeba, maana kwa tope la kwao Mzenga msimu huu hakuna gari jingine linalopita.

Bampa la zamani liliposhuka walikuta limeliwa na kutu, halishiki moto wa kuchomelea. Leodegar akachagua bomba la chuma alikunje liwe bampa jipya. Bomba halikunjwi hivi hivi, litabonyea. Hujazwa mchanga kwanza, likazibwa kwa vipande vya mti pande zote mbili, ndipo lipashwe moto. Mwishehe akatumwa mchanga. Kwa haraka zake akachota ule mweupe wa Ruvu, uliomwagwa alfajiri kwa jirani anayejenga, akaushindilia mwenyewe kwa bidii zote.

Moto ulipokolea, kizibo kilifyatuka, kikaenda kupiga bati la uzio, na mvuke ukafuata. Mama lishe wa jirani aliruka, akaacha chapati zikiungua.

"Umenitilia mchanga mbichi!" Leodegar alifoka.

"Kumbe unatakiwa mkavu?"

"Sasa ulitaka tupike uji humo?"

Walicheka mpaka Leodegar akakaa chini. Lakini ilikuwa saa saba tayari. Wakaukaanga mchanga mwingine kwenye karai, wakiukoroga kwa koleo kama wakaangao karanga, wakajaza upya. Safari hii bomba lilitii, likajikunja taratibu bila kubonyea popote, na Mwishehe alifurahi kweli kweli. Saa tisa na nusu likawa limefungwa, rangi nyeusi ingali mbichi.

"Keshokutwa niletee mihogo," Leodegar alisema. "Michungu kula mwenyewe."

Kituoni, afande yule yule wa trafiki alilizunguka gari mara mbili akitafuta kosa. Akaligusa bampa, akachafuka kidole. Basi akaingia ndani, akatoa karatasi.

"Andika hapa kwamba wewe ndiye uliyegonga. Saini, tufunge faili."

"Afande, mimi nilikuwa nimesimama."

"Unataka leseni au unataka kesi?"

Mwishehe aliitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika nane. Akashika kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, bila haraka: *Nilikuwa nimesimama, breki ya mkono juu. Gari la ofisi lilirudi nyuma likanigonga. Hakuna aliyeshuka kuniomba radhi.* Akasaini.

Afande alitafuta saini tu. Alipoiona akapiga mhuri, akalisukumia faili juu ya kabati, kwenye rundo lililojaa vumbi, akamrudishia leseni yake.

"Umeandika yote?"

"Yote, afande."

"Unaona sasa? Ungekuwa mwelewa hivi tangu juzi, usingesumbuka."

Mwishehe akamshukuru kwa heshima zote, akatoka, akawasha gari kuelekea Mzenga. Alicheka peke yake mpaka darajani.