Msoma Joto

…bado limesimama, joto, ile hewa inayotetema juani, limesimama wima juu ya majani, haliegemei huku wala huku, na Mzee Malimi, amelala kifudifudi, jicho kwenye darubini, anajua hapo ndipo watu wanapoharibikiwa, maana joto likichemka wima upepo haujafa, unabadilisha mlango tu, tangu asubuhi umetoka kulia, nchi kavu, ukiteremka ziwani, na sasa, saa tano, wa ziwani utaingia kwa kushoto juu ya mawe ya Mkolani yaliyokwisha kuwaka, atakayeona mapema ataiokoa risasi, asiyeona atapiga vumbi… “Mzee, umelala?” Justa huyo, kando yake, shavu kwenye kitako cha bunduki, risasi imebaki moja, akiligonga lile bamba la chuma kule mita mia tisa kazi ya mkufunzi ni yake kuanzia Jumatatu, na Malimi anarudi kukaa geti la ghala alikoanzia miaka ishirini na sita iliyopita, akikosa, Malimi anabaki, na bado ni Malimi anayemsomea joto, ndiyo desturi ya kikosi, mwenye kiti humsomea anayekitaka, aliyeitunga alikuwa anapenda kuona watu wakitokwa jasho… “Sijalala, subiri.” “Nasubiri, shikamoo nilishakupa asubuhi, usinidai nyingine,” na wale waliokaa nyuma kwenye mawe wanacheka, mmoja anasema mzee hasomi, anasali, wacheke, mwaka juzi hakucheka mtu, Shigela alipolala hapo hapo alipolala Justa, kijana wa watu, joto lilikuwa linakimbia kutoka kushoto, wazi kabisa, na upepo wa kushoto hujibiwa kwa kugeuza darubini ya bunduki kushoto, lakini Malimi akamwambia geuza kulia, tatu, na Shigela akageuza kulia kwa imani yote, kama mtoto anayefumbua kinywa apewe dawa, vumbi likaruka hatua nzima pembeni ya bamba, pole kijana, upepo wa ziwa hauna adabu, ndivyo alivyomwambia, na nani angebisha, joto haliachi alama, sasa Shigela anawachajia watu simu stendi ya Nyegezi, Malimi akipita anasimama, shikamoo mwalimu, mwalimu, bado anamwita mwalimu, na Malimi anajibu marahaba na kuangalia viatu… ila Justa alikuwepo siku ile, alikaa nyuma na darubini yake magotini, aliiweka machoni au hakuiweka, mwaka wa pili huu Malimi anajiuliza, hajawahi kumuuliza… linaegemea, limeanza, katikati kule joto limelala kidogo, linatambaa kutoka kushoto, ziwa limeingia, na neno alilokuja nalo liko tayari mdomoni, kulia, tatu, lile lile, halina uzito, lakini ile marahaba ya stendi inapanda kooni, anachoka ghafla, anachoka kabisa, na kinachotoka ni kingine, “Kushoto, nne,” na nyuma yake Afande Teodora, msimamizi, anarudia kwa sauti huku akiandika kwenye daftari, “Kushoto, nne,” basi, imeshatoka, geti na liwe geti, kuna kivuli pale na redio, atazeeka akifungua na kufunga, lakini Nyegezi atapita ameinua uso, kifua kimekuwa chepesi mpaka anataka kucheka… kisha anaona vidole vya Justa. Viko kwenye kigurudumu cha darubini ya bunduki, vinasukuma kwenda mbele, ta, ta, ta, ta, na mbele ni kulia, amegeuza kulia, nne kamili, kwa utulivu, kama mtu anayemfungia mwizi mlango, kumbe siku ile darubini yake aliiweka machoni, aliona yote mwaka juzi, na leo akisikia kushoto kwa Malimi anajua ni kulia, na majani yaliyo mbele ya pua yake, hayajapata habari ya ziwa, bado yanainamia ziwani yakimwambia uko sawa binti, uko sawa… mwambie, Malimi, umegeuza vibaya, maneno mawili, sheria inaruhusu msomaji aongeze neno mpaka risasi itoke, mwambie, hataamini, atadhani ni mtego juu ya mtego, hapana, huo uongo, akimwita kwa jina, akisema naapa kwa Shigela, ataamini, sauti ya kweli anaijua, kila mtu anaijua… lakini daftari limeandika kushoto, watu kumi wamesikia kushoto, ukweli ameusema mara moja, kwa sauti, mbele ya afande, nani alimwambia auseme mara mbili, na ule wepesi wa kifuani haujaondoka, ndicho kinachomshangaza, uko pale pale, umenona, yule binti mjanja atajipiga mwenyewe kwa mkono wake, na kesho watasema mzee alimsomea vizuri, hakusikia, na Malimi hatakuwa amekosea hata herufi, alijitesa bure mwaka juzi kutunga uongo, ukweli ukisemwa na mtu kama yeye unafanya kazi safi zaidi… Justa anavuta pumzi, anaitoa nusu, anaizuia, kidole kinaingia mahali pake, na joto linakimbia sasa, kama maji, kutoka kushoto. “Mzee Malimi,” anasema Afande Teodora, “una neno la kuongeza?” “Sina, afande.”