Mchoro wa Mama Aliyelala

...iPhone kwanza, amesema, nimesikia vizuri, Philémon amesema iPhone kwanza mbele ya watu wote hawa, na jana jioni tukiwa wawili tu kwenye ngazi za ofisi yetu hapa Nyalukemba alinigusa bega, Conso, kesho tunasema Android, ile ya simu za bei ndogo, usiogope, niko nyuma yako, na mimi mjinga nikalala usingizi mzuri... sasa ananinyooshea simu inayong'aa niwaonyeshe wageni, "Conso, kamata," tabasamu la harusini, na Papa Emile mfadhili ameshasema mwaka huu watalipia aina moja tu ya simu, moja, kwa hiyo kinachochaguliwa sasa hivi ndicho kitakachojengwa na kingine kinakufa, "Banamama ba Walungu batatufwata kisha," anawaambia, "tuanze na batu ba Bukavu, beko na iPhone, banaelewa mambo mbio," watatufuata wapi, Philémon, mimba inasubiri?, programu hii niliiandika ili mkunga akiona damu abonyeze kitufe kimoja, mwenye pikipiki aitwe, hospitali nayo itandike kitanda, hakuna zaidi, na wakunga wa kule Walungu vijijini hawana mega za kupakua kitu, wanapeana programu siku ya soko, simu kwa simu, wamekaa juu ya magunia ya maharage, mmoja anayo, jioni wanayo kumi na wawili, nani kati yao atampa mwenzake hivyo kwa iPhone, haiwezekani, Philémon anajua haiwezekani, yeye ndiye aliyenieleza... "Conso," anaita tena, taratibu, mbele za watu, na mimi nilikuwa nimeshapanga la kusema, kwa Kifaransa safi, nimsihi bila kumwaibisha, labda ameogopa, labda Papa Emile amembana asubuhi hii kwa simu, mtu akibanwa hubadilika, nilikuwa nimeanza kumsamehe, ndiyo, moyo wangu ndivyo ulivyo, haujifunzi, mpaka nikaangalia hiyo simu mkononi mwake na kukiona kitufe. Kitufe chekundu. Ndani yake yule mwanamke aliyelala. Mchoro wangu wa kwanza kabisa, ule wa Januari, ule ambao mkunga Maman Adélaïde aliukataa siku ile ya Februari tulipomfikia Walungu, akaisogeza simu yake yenye kioo kilichopasuka hadi puani, akacheka, akaacha kucheka, "Mutoto wangu, uyu iko sawa maiti, banamama bangu beko bazima, muweke mwenye kuikala," na usiku uleule nikamchora mama aliyeketi nyuma ya pikipiki, na tangu Februari hiyo hakuna mtu aliyeona tena yule aliyelala, hakuna, nilimfuta kila mahali... basi michoro ilitoka mikononi mwangu kabla ya safari ile, alimpa mtu mwingine aanze kujenga programu ya iPhone kabla ya safari ile, si leo asubuhi, si Papa Emile, si woga, kwa hiyo alipokaa kwenye kile kiti kifupi akala maharage ya Maman Adélaïde na kuongeza, aliongeza mara mbili!, alikuwa ameshatuuza, na alipomshika mikono yote miwili, "Maman, simu yako njo ya kwanza," alikuwa ameshatuuza, na yule mama akanigeukia mimi, si yeye, mimi, "Consolate, usinisahabu," kama vile alikuwa amenusa kitu ambacho mimi mwenye shule sikukinusa, ile mvua ya kurudi, tumejifunika turubai moja, tukiimba, miezi yote ile niliyokuwa namwita kaka... inauma, inauma mpaka kwenye meno, na la ajabu ni kwamba hakujali hata kubadilisha mchoro, alikuwepo, alisikia neno maiti kwa masikio yake, akaliacha... "Maman Consolate, tunakungojea," anasema Papa Emile kwa upole, anatazama saa, na ndani ya mkoba wangu iko simu ya Adélaïde aliyonikopesha kwa wiki moja ili wageni waione, imefungwa kwa mpira isifunguke, wiki nzima hana simu kwa sababu aliniamini, na Kifaransa changu chote nilichopanga kimepotea, simsihi mtu, nitawaambia kwa Kiswahili hikihiki cha kwetu, nitaziweka simu mbili mezani na kuwauliza ni mama yupi kati ya hawa wawili atafika hospitali, na Philémon atajua kwamba ninajua ametuuza tangu lini. Bado amenyoosha mkono. "Kamata basi, Conso," anasema, anacheka kidogo, na vidole vyangu viko ndani ya mkoba, vinatafuta ule mpira.