Usukani Uliotoka Chumbani

Usukani ulikuwa mfupi, ulikuwa chini, na ulikuwa unaniua mikono. Pikipiki yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa ya Kitaliano, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na sanduku la mbao la mizigo nyuma ya kiti. Niliinunua kwa Mgiriki mmoja mwoka mikate aliyekuwa anarudi kwao. Yule Mgiriki kichwa chake kilinifika kifuani, na usukani alikuwa ameukata na kuushusha ulingane naye. Mimi ni mtu mrefu. Nilikaa juu ya ile pikipiki nimejikunja kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kutoka Luano, kwenye uwanja wa ndege, mpaka mjini Lubumbashi mikono ilikufa ganzi hadi kwenye viwiko. Niliangalia vidole vyangu juu ya klachi bila kujua kama vimeshika au vimelala tu.

Na mzigo wangu ulikuwa mayai.

Mama Madeleine, mjane kutoka Kasai, alifuga kuku upande wa uwanja wa ndege na kuuza mayai kwa wenye nyumba kubwa za mtaa wa Golf. Alikuwa mwanamke wa haki lakini hakuwa na sukari mdomoni. Safari mbili mfululizo nilifika Golf na trei zinazochuruzika maji ya njano, kwa sababu kila shimo lilinikuta mikono imekufa, na gurudumu likaingia lilikotaka lenyewe. Basi Jumatano moja ya Novemba, mwaka ule nchi ilipopewa jina la Zaire, akaniita. Jumamosi kulikuwa na harusi kubwa Golf, keki na kila kitu, na mayai ya karibu kujaza sanduku langu lote. Yakifika salama, kazi yake yote ingekuwa yangu. Yasipofika, ingekwenda kwa Paulin mwenye kamioneti, gari dogo la mizigo. Paulin alikuwa amesimama pale pale getini anapiga mluzi.

"Baba Chola," Mama Madeleine akaniambia, "mayai haina maneno mingi. Inafika mizima, ao inafika ya kuvunjika."

Nilikuwa nimeacha kazi ya reli kwa ajili ya pikipiki ile. Bila mayai ningerudi stesheni kubeba magunia, na mgongo wangu haukuwa tena wa kijana. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Chomba.

Chomba alikuwa fundi wa pikipiki kule mtaa wa Katuba, chini ya mabati manne kando ya barabara. Yeye ni wa ukoo wa Chui, mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, kwa hiyo tulikuwa watani tangu kwa babu zetu. Kwetu mtani anakutukana mbele ya mama mkwe wako nawe unacheka. Anaweza kuingia nyumbani kwako akachukua anachotaka, na huruhusiwi kukasirika, maana chui haombi ruhusa kwa mbuzi. Unangoja zamu yako tu. Watani wengi hungoja msiba ndipo wafanye hivyo. Chomba hakuwa mtu wa kungoja msiba.

Alinizunguka nikiwa nimekaa juu ya kiti. Akasema amekwisha kuona mbuzi amefungwa nyuma ya baiskeli anapelekwa sokoni, na yule mbuzi alikaa vizuri kuliko mimi. Halafu akaacha mchezo, akachukua kamba, akapima kutoka bega langu hadi kiganja. Kilichotakiwa ni usukani mpana, uliopanda juu na kurudi nyuma kunifuata mimi, ili mgongo unyooke na mikono isibebe kifua. Dukani haukuwepo. Ingebidi kuutengeneza kwa bomba. Bomba gani?

Hapo mtaa mzima uliingia kazini. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, na wote walisema neno moja: shaba. Sisi tumezaliwa na moshi wa tanuri puani. Shaba ilijenga shule, ilijenga hospitali, ilinunua pombe na jezi za mpira. Mtu wa Lubumbashi anaamini shaba kama mtu mwingine anavyoamini dawa.

"Shaba njo chuma ya kwetu," alisema Stanislas, fundi cherehani wa jirani, ambaye hajawahi kukunja kitu zaidi ya kitambaa.

Hakuna aliyepinga, si mimi wala Chomba. Tena bomba nilikuwa nalo: Mgiriki aliniongezea mtungi wake mbovu wa kuchemshia maji, na ndani yake mlikuwa na bomba la shaba nene kama dole gumba. Chomba alilijaza mchanga lisibonyee, akalipasha moto kwenye makaa, akalikunja taratibu juu ya ringi ya zamani. Lilikunjika kama ugali. Tungekuwa na akili, tungeshtuka pale pale. Tulifurahi tu. Alhamisi mchana lilikuwa limefungwa, limesuguliwa kwa majivu na ndimu, linawaka jua likipiga.

Nilipanda. Mgongo ulinyooka. Magoti, ambayo siku zote yaligonga usukani, yalipata nafasi. Nilitoka Katuba nimekaa kama mkubwa anayekwenda kumpokea mgeni, na mikono yangu ilikuwa mizima, kila kidole kinasema. Watu walipiga mayowe. Niliimba, mimi ambaye hata kanisani siimbi.

Kwenye njia ya reli mlinzi alishusha mti wa kizuizi ghafla. Nilifunga breki. Uzito wangu wote ukaja mbele juu ya mikono, na ule usukani mzuri ukainama. Haukuvunjika. Uliinama polepole, upande huu na upande ule, mpaka mishikio ikagusa magoti yangu. Nilirudi kwa miguu nikiisukuma pikipiki, mtaa mzima ukitazama.

Chomba alikuwa amekaa chini ya mabati yake.

"Mbuzi," akasema, "masikio yako inaanguka."

Walicheka mpaka Stanislas akakaa chini. Mimi pia nilicheka, ndiyo sheria. Ilibaki Ijumaa peke yake.

Ijumaa asubuhi nilizunguka mji kutafuta bomba la chuma. Nilikwenda kwa wachomeleaji, nilikwenda nyuma ya gereji za wakubwa, nilikwenda hadi kwenye karakana ya reli kwa watu niliofanya nao kazi. Kulikuwa na mabomba manene kama mguu na mabomba membamba kama antena. Saa sita nilirudi nyumbani mikono mitupu, na nilikuta majirani wamejaa uani kwangu.

Ngosa, mke wangu, alikuwa amesimama katikati yao, kanga ameiweka mdomoni. Alinielezea akiwa hawezi kumaliza sentensi kwa kicheko. Chomba alikuwa amekuja. Alipiga hodi vizuri, akavua kofia, akasema, "Mama Chola, chui inakuya kula." Aliingia chumbani. Alikunja blanketi na shuka, akaviweka juu ya meza kwa heshima, akasimamisha godoro ukutani. Halafu akabeba kitanda chetu kichwani na kutoka nacho.

Ngosa ni wa ukoo mwingine, utani wetu haumhusu. Angeweza kukasirika. Na kitanda kile alikileta yeye: ni zawadi ya mjomba wake siku ya ndoa, kitanda cha chuma cha kweli, kilichopakwa rangi nyeupe. Nilimuuliza alimwambia nini Chomba.

"Nilimwambia, kama unakula kitanda, kula na kunguni zake."

Hapo nilielewa. Kichwa cha kitanda kile kilikuwa bomba moja lililopinda juu kama daraja, limepanda upande mmoja, limeshuka upande wa pili, na unene wake ulikuwa ule ule wa usukani. Nimelala chini ya usukani wangu miaka yote ya ndoa na sikuuona. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, nilikimbia Katuba mchana, na majirani nyuma yangu.

Chomba alikuwa amekwisha kuukata kwa msumeno. Aliugeuza juu chini na kuuweka kwenye mdomo wa uma unaoshika gurudumu la mbele, na ncha zake mbili zikanijia mikononi kana kwamba yule aliyekitengeneza kitanda alinipima mimi. Ulicheza kidogo tu kwenye vikamatio. Tulikata kipande cha kopo la maziwa, tukauzungushia, ukakaza. Chomba aliuning'inia kwa mikono yote miwili na kukunja miguu. Haukutikisika.

Niliipiga pikipiki moto. Kulia, sawa. Nilipokata kushoto, pikipiki ilinguruma yenyewe na kuruka mbele kama mbwa aliyekanyagwa, ikaangusha meza ya Stanislas na vitambaa vyake. Usukani ulikuwa umepanda juu, lakini waya wa gesi, ule unaoongeza mwendo, ulikuwa ule ule mfupi wa Mgiriki, na kila nikikata kushoto ulivutika. Waya wa klachi nao ulikuwa umekaza kama uzi wa gitaa. Chomba alitazama huku na huku. Laurent, kaka wa Ngosa, alikuwa amekuja kushangaa na baiskeli yake. Hakuondoka nayo ikiwa na breki. Waya zake zilikuwa ndefu kuliko tulivyohitaji, na Laurent alipolalamika watu walimwambia dada yake ametoa kitanda, yeye analilia waya.

Jumamosi alfajiri Ngosa alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa kichwani.

"Gido nimelipa mimi," akasema, mkono juu ya usukani. "Leo naenda kuiona inafanya kazi."

Kule Luano alijibana ndani ya sanduku, mgongo kwenye mbao, trei za Mama Madeleine zimepangwa mbele yake hadi kidevuni. Mama Madeleine alitazama usukani mweupe wenye mchubuko wa rangi, akamtazama Ngosa. Alipanda kwenye kamioneti ya Paulin atufuate. Paulin alikuwa bado anapiga mluzi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ya Luano ilikuwa imejaa mashimo yenye maji. Lakini sasa nilikuwa naona mbali, kichwa juu, na shimo kabla halijafika mikono yangu ilikuwa imekwisha kulikwepa. Kulia, kushoto, kulia. Ngosa alikuwa anaimba nyuma. Tulipita katikati ya mji, nikanyoosha vidole kimoja kimoja, na vyote vilikuwepo, na nilisikia kitu kama kucheka kinapanda kifuani mwangu.

Karibu kabisa na nyumba ya harusi, lori lililobeba mbao lilitoka kwenye kona na kuchukua upande wetu wote. Upande wa kulia ulikuwa mtaro. Ilibaki kushoto tu. Nilivuta ule usukani mpana kwa mikono miwili mpaka mwisho, na pikipiki haikunguruma, haikuruka, ilizunguka tu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nilifunga breki. Uzito wangu ukaja mbele. Kitanda cha mjomba kilibeba.

Nyuma yetu Paulin alikwepa vibaya, gurudumu lake likaingia mtaroni. Mama Madeleine alishuka, akamaliza njia kwa miguu, viatu mkononi. Alifika getini akaanza kufunua trei moja moja. Matatu yalikuwa yamevunjika. Ngosa alisema mawili ameyavunja yeye kwa kucheka lori lilipopita, si kosa la gido.

"Jumatatu ukuye mapema," Mama Madeleine akaniambia. "Iko na mayai ya hoteli."

Jioni ile Chomba alipita kwetu. Sikumlipa, chui halipwi. Alimchukua jogoo wangu kwa shingo na kuondoka naye.

Basi usukani ule ulinigharimu hivi: bomba moja la shaba, kopo moja la maziwa, waya mbili za breki za baiskeli ya shemeji, mguu mmoja wa meza ya Stanislas, mayai matatu, jogoo mmoja, na kitanda. Tulilala chini juu ya godoro mpaka Pasaka.