Sabuni Ndani ya Hodhi

Kozue alirudi nyumbani kutoka Nagoya majira ya kuchipua, akiwa na begi moja na maneno machache. Ofisi ilikuwa imempa likizo ya ugonjwa. Likizo inaisha Jumatatu, na hadi asubuhi ya leo, Jumamosi, sikujua kama binti yangu anarudi kule au harudi. Nikimuuliza, anasema "sijui" na kufunga mlango.

Mimi napanga milo ya watoto wa shule. Kazi yangu haina "sijui". Kwa hiyo daktari alipomshauri akaoge msitu, yaani akakae tu kati ya miti na kuvuta hewa yake, nikasema vizuri, tutakwenda msitu wa Akasawa. Msituni hakuna mlango wa kufunga.

Nilifunga matonge ya wali yenye plamu ya chumvi, nikachukua chai ya shayiri na kengele ya kufukuzia dubu. Tulipofika nilishika njia, mimi mbele.

"Nyoosha miguu," nilimwambia. "Vuta pumzi. Sasa, kuhusu Jumatatu."

Kengele yangu tu ilijibu.

"Meneja wako anasemaje? Usingizi unapata? Na jana mchana umekula nini, maana sahani nimeikuta imejaa."

"Mama."

"Nauliza tu."

"Mama, hebu simama."

Nilisimama. Alikuwa nyuma sana, ameegemeza kiganja kwenye shina la hinoki, ule mti wa mbao zenye harufu nzuri.

"Unajisugua ndani ya hodhi," alisema.

Nilihisi uso umepata moto. Nyumbani kwetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mtu hujisugua nje, hujimwagia maji mpaka povu liishe, ndipo aingie kwenye hodhi kujiloweka, kwa sababu maji hayohayo yanangojewa na wengine. Nilimfundisha mwenyewe, kabla hajajua kufunga vifungo vyake. Siku moja aliingia na sabuni masikioni, nikamnyanyua na kumtoa kama paka.

"Sabuni nimeileta wapi mimi?"

"Maswali yako. Povu tupu. Tumeshaingia, Mama. Humu mtu anakaa tu."

"Anakaa mpaka lini?"

Alinitazama. Nikafunga mdomo.

Tulikaa juu ya mizizi. Nilishika ulimi wa kengele isilie. Nilitaka kusema mizizi ina unyevu, atapata baridi. Sikusema. Nilitaka kusema amekonda. Hilo nalo nikalimeza. Mwanga ulikuwa unateremka taratibu kati ya mashina, na chini kule kijito kilikuwa kinaongea peke yake, bila kuulizwa na mtu.

"Kunanukia kwa Bibi," Kozue alisema.

"Hodhi lake lilikuwa la mti huu."

"Alikuwa anatuimbia humo. Vibaya."

"Vibaya sana. Majirani walifunga madirisha."

Alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini sikuwa nimekisikia tangu arudi. Nikageuka upande mwingine, nikajifanya natafuta matonge.

Tulikula. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Sirudi, Mama."

Mshahara. Kodi ya chumba chake. Akiba ya uzeeni. Nilijaza wali mdomoni.

"Nikiifikiria lifti ya pale tu, mikono inakufa ganzi. Nitawaambia mwenyewe Jumatatu. Usiwapigie."

"Mm," nilisema, wali ukiwa bado mdomoni.

"Najua una maswali."

"Tele."

"Haya, uliza moja. Moja tu."

Nilifikiri sana. Yote yalikuwa ya maana, na yote yalikuwa na povu.

"Hili tonge la mwisho, utalila?"

Alilichukua. Akala taratibu mpaka katikati, akala hata plamu, ambayo siku hizi huiacha pembeni ya sahani. Halafu akauvuta mkono wangu na kuitema kokwa ya plamu kwenye kiganja changu, kama alivyokuwa akifanya utotoni, bila kuomba.

Niliifumbata. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshika ulimi wa kengele.