Mavuno ya Jirani Hayatajwi

Chini ya mbao za ukumbi ule kulikuwa na barafu. Majira yote ya baridi vijana huchezea hoki pale, na Jumamosi ile barafu ilifunikwa mbao ili chama kichague kiongozi wake. Lakini barafu haina adabu. Ilipenya mbao, ikapenya soli, ikapanda mpaka magotini. Verna Lysyk alikuwa amevaa soksi mbili za sufu, na bado vidole vya miguu vilikuwa havina habari naye.

Au labda ilikuwa hofu. Alikuwa anautaka uongozi ule kuliko alivyowahi kutaka kitu maishani, na sasa ulikuwa umemkaribia mpaka anaunusa. Duru ya kwanza ilikwisha kusomwa. Preston Aldous, wakili kutoka mji wa Regina, mbele. Nyuma yake kidogo tu, Verna, mkulima wa ngano na mwenyekiti wa halmashauri ya Birch Coulee. Wa tatu, mzee Orville Knutson, akawa ametolewa. Aliyevuka nusu hakuna. Kwa hiyo kila mtu mle ndani, hata aliyekuja kwa ajili ya chakula, alijua mambo yamefika wapi: atakakokwenda Orville ndiko watakakokwenda watu wake, wale wazee wa kaskazini wanaomfuata kama vifaranga wa bata bukini. Akivishwa skafu ya kijani, Chama cha Tambarare ni cha Aldous. Akivishwa ya njano, ni cha Verna.

"Shangazi, nenda kamwombe," alisema Larisa. Huyu alikuwa binti wa kaka yake, mzaliwa wa Toronto, amesomea huko mambo ya kampeni, na kwa kweli bila yeye Verna asingefika hata duru ya kwanza.

"Orville? Hatujasemezana miaka sita."

"Kisa?"

"Theluji."

Ndivyo ilivyokuwa. Verna alimshinda Orville uenyekiti wa halmashauri, na msimu huohuo wa baridi mzee akalalamika kwamba barabara yake inasafishwa theluji mwisho, kwa makusudi. Verna akamjibu mbele za watu: "Barabara yako ni ya mwisho kwa sababu unakaa mwisho." Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Orville. Tangu siku ile akamnyima hata kidole. Na kule kwao magari mawili yakipishana, kila dereva hunyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hata kwa mgeni, hata kwa mtoza kodi. Orville akimpita Verna, vidole vyake vyote vilikaa vimeushika usukani kama vimegundishwa.

"Lakini ulimvunia!" Larisa alisema. "Baba alinisimulia. Mkumbushe basi!"

Verna aligeuka taratibu. "Hilo silisemi. Na wewe hulisemi. Umenisikia?"

"Kwani ni uongo?"

"Ni kweli. Ndiyo maana halisemwi."

Vuli iliyopita moyo wa Orville ulimwangusha shambani, akapelekwa hospitali, ngano na kanola, ile mbegu ya mafuta, zimesimama, na jalidi iko njiani. Verna akapiga simu nyumba kwa nyumba. Asubuhi kombaini za majirani, zile mashine za kuvunia, zikaja zimefuatana, kila moja na vumbi lake, na jua lilipotua maghala ya Orville yalikuwa yamejaa mpaka kooni. Kisha kila mtu akaenda kwake. Kwa watu wale, mavuno ya jirani mgonjwa huvunwa yakaisha. Hayatajwi. Ukiyataja, yanageuka mkopo, na wewe unageuka mdai. Orville alirudi, akatazama maghala, akakaa kimya. Kidole hakunyanyua.

Verna alikwenda kwenye meza ya akina mama wa chama kutafuta kahawa ya kupasha mikono. Aliporudi, kiti cha Larisa kilikuwa kitupu. Akatupa macho ng'ambo ya ukumbi. Larisa alikuwa ameinama mbele ya Orville, anaongea kwa mikono, na shingo ya mzee ilikuwa inabadilika rangi, wekundu ukipanda kutoka kwenye kola mpaka masikioni.

Binti akarudi anatweta. "Nimemwambia kwa upole tu, shangazi."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba zile kombaini hazikujileta zenyewe."

Verna aliweka kikombe chini. Hakumgombeza. Alianza kutembea, akikata ukumbi katikati, mbele ya kamera na watu wote.

"Haya, anakwenda kuomba!" alipiga kelele mmoja wa kambi ya kijani.

"Piga magoti, mama!"

"Mpeni mto, mbao zina baridi!"

Verna akaendelea. Orville alikuwa anakula pai, sahani juu ya goti, fimbo kando. Hakuinua uso.

"Orville, sikuja kuomba kura," alisema. "Mtoto wetu amekutajia kitu kisichotajwa. Hakukulia kwetu, hajui. Aibu ni yangu. Kura zako zipeleke unakotaka, hata kwa yule wakili, shauri yako na macho yako."

Uma ulikwenda mdomoni, ukarudi kwenye sahani. 

Verna aligeuka kuondoka, kisha akashindwa kujizuia. "Na barabara yako itaendelea kusafishwa mwisho. Usije ukasema sikukwambia."

Larisa alimpokea na machozi. "Nimeiua kampeni."

"Futa uso, kamera hizo. Mvua ya mawe imetulaza mashamba mara ngapi? Na tukapanda tena."

Alisema hivyo, ila moyoni alikuwa ameshaanza kuuzika ule uongozi.

Mara ukumbi ukanyamaza. Orville alikuwa amesimama.

Alitembea polepole, mwendo wa mtu aliyewahi kusalitiwa na moyo wake, fimbo ikigonga mbao. Nyuma yake vifaranga wake, kofia kwa kofia. Kambi ya Aldous ilikuwa karibu zaidi na njia, na bendi yao ikaanza kupiga. Aldous mwenyewe akajitokeza na skafu ya kijani ameitandaza mikononi, kama muuza vitambaa anayempimia mteja. Wote walijua amemwahidi mzee wizara ya kilimo.

Orville akafika mbele yake, akasimama, akavuta pumzi.

"Samahani, kijana," akasema. "Umenizibia njia."

Akampita.

Tarumbeta ya kijani ikakatika katikati ya wimbo. Kelele ikaanzia nyuma ya ukumbi, ikaja kama radi ya kiangazi, na Orville akaja nayo mpaka akasimama mbele ya Verna, anahema.

"Mliacha kipande," akasema.

"Kipande gani?"

"Cha kanola. Kando ya dimbwi."

"Palikuwa na maji, Orville. Kombaini ingezama."

"Mimi ningepita."

"Wewe ulikuwa hospitalini, mzee!"

Orville akalifikiria hilo. "Nalo neno," akasema, akainamisha kichwa. Verna akavua skafu yake mwenyewe ya njano akamvisha.

Duru ya pili ilisomwa, na jina la Aldous likatajwa kwanza, na namba yake haikutosha. La Verna halikusikika, maana kofia zilikuwa zimekwisha kuruka. Akina mama waliacha masufuria. Larisa alimning'inia shangazi yake shingoni akicheka na kulia. Watu wazima na mvi zao walirukaruka juu ya mbao mpaka ukadhani barafu itapasuka, na Verna akagundua kwamba miguu yake ina joto.

Kwenye jukwaa aliwashukuru wapishi, walioendesha magari ndani ya dhoruba, hata Aldous, ambaye alipiga makofi kama mtu anayeumwa jino. Alipomaliza, Larisa akamnong'oneza, "Shangazi, umemsahau mzee Orville!"

"Sijamsahau."

Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, skafu ya njano mpaka masikioni, mikono yote miwili juu ya fimbo. Alimtazama Verna. Kisha kidole kimoja, cha mkono wa kulia, kikanyanyuka kutoka kwenye fimbo na kushuka.

Verna naye akanyanyua chake.