Ua Lisiloomba Maji

Miaka thelathini na moja nimeyatumikia mawaridi ya watu hapa Lubumbashi, na sasa nayachukia, nasema wazi. Waridi linataka maji asubuhi, linataka mbolea, linataka kukatwa, halafu linakuchoma mkono. Jakaranda nayo inamwaga uchafu wake uwanja mzima. Mimi nafagia, wageni wanasifu. Bogenvilia tu ndiyo ina adabu kidogo. Ikishapita mwaka wa kwanza, haikusumbui tena.

Ndiyo maana nilipenda mimea ya pori, hasa lile ua dogo la zambarau tunaloliita ua la shaba. Linaota penye shaba, karibu na machimbo ya zamani, ambako hata nyasi zimekata tamaa. Halimwombi mtu kitu.

Mwezi wa tatu nilimwambia Madame Cathy, mwenye bustani, kwamba mwisho wa mwezi wa tano naacha kazi. Mgongo umechoka. Mimi na mke wangu Nkandu tuna shamba la mihogo njia ya Lukafu. Tungehamia huko, tule tulichopanda wenyewe.

Nkandu akanisuta: "Miaka yote unapandia bantu maua. Kwetu hata moja hakuna?"

Kweli. Lakini nani angemwagilia? Nikaenda machimboni, nikang'oa ua la shaba pamoja na udongo wake, maana bila udongo ule halikai. Nilijaza magunia manne. Nikalipanda mbele ya shamba, kando ya barabara. Uvivu wa mtu mzima, basi. Lilipochanua, Nkandu alifurahi kama bibi harusi.

Siku yangu ya mwisho ya kazi, jirani wa shambani akapiga simu: njooni haraka. Tulikuta wachimbaji kama ishirini, na mihogo yetu imelazwa chini, mizizi nje. Kila mchimbaji wa Katanga anajua ua lile linaonyesha nini.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Ile maua nilileta miye mwenyewe, na udongo yake, mu magunia!"

Mkubwa wao, mwanaume mpole aitwaye Bwalya, akapangusa jasho. "Papa, iyo iko bongo, unatudanganya tu. Nani anaweza panda majani ya pori?"

Nikamwonyesha viganja vyangu. Nikamwambia kazi yangu ni bustani.

"Jardinier?" Akacheka. "Jardinier anapandaka maroses."

Walichimba siku tatu. Walipoona ni udongo mwekundu mtupu, wakakusanya majembe yao, Bwalya akasema pole, wakaenda. Nkandu aliinama kati ya mashimo, akiokota mihogo michanga ambayo tungeila mwaka ujao.

Jumatatu nikarudi kwa Madame Cathy. Mpira wa maji nilikuwa nimeshaukunja na kuutundika bandani kwa mara ya mwisho. Nikauangua, nikauburuta hadi bustanini.

Madame akatoka barazani. "Papa Chisanga, si ulisema umemaliza?"

"Maroses iko na kiu, Madame," nikajibu, nikafungua maji.