Majina Mlangoni

Shangazi wa yule binti niliyemposa alikuwa na kipimo chake. Posa ikiletwa pale nyumbani, yeye husimama mlango wa jikoni na kuyaita majina ya wawili hao kwa pamoja, kwa sauti, kama anayeita watu waje kula. Yakitiririka, amekubali. Yakimkwama, hakuna ndoa, na kaka yake, baba wa binti, hana la kusema.

Alipoita langu na la binti, alicheka. Alisema ni kama sufuria imedondoka, na sebule nzima ikacheka naye.

Angenikataa kwa sababu ni fundi wa kuchomelea mageti, ningemeza. Lakini mimi hutunga mashairi. Sikufundishwa na mtu. Nimejipima kwa vidole mpaka nikajua. Jina la binti mizani nne, langu nne: nane kamili, nusu ya mshororo, na vina vimekaa. Mwanamke yule alinitukana penye fahari yangu. Mtaani nikaitwa Sufuria. Kila chuma nilichogonga tangu hapo, nilikigonga nikimwona yeye.

Siku yake ikafika. Seremala, jirani yangu wa karakana, mgane, alimpenda shangazi huyo, naye shangazi, mjane, akampenda zaidi. Seremala hana maneno. Akaniomba nikamsemee. Shati nililipiga pasi mpaka likang'aa.

Posa niliieleza kwa adabu zote. Baba wa binti alipotaka kuitikia, nikamwomba radhi.

"Bado kitu kimoja, baba. Majina hayajaitwa."

Seremala alinikanyaga mguu. Shangazi akasema kipimo ni cha vijana. Kaka yake, ambaye hajawahi kuulizwa lolote ndani ya nyumba yake, akaegemea kiti taratibu.

"Kipimo ni kipimo, dada."

Shangazi akaenda mlangoni. Jina la seremala linaishia na silabi ileile ambayo la kwake linaanzia. Ulimi ukajikwaa, akarudia, ukajikwaa tena, mpaka ikasikika kama mtu anakoroma. Watu walishika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimtazama tu.

"Unataka nini?" aliniuliza, macho yamemlowa.

"Uolewe, shangazi. Ila kwanza waambie hawa kwamba kipimo hakina maana. Kisha uite langu na la binti, taratibu, kama majina ya watu."

Akawaambia. Akaita. Mizani nane zilimtoka zimenyooka kama nondo, nami nikazinywa moja moja.

Binti alikuwa amesimama na sinia.

"Umekuja kumkomoa shangazi au kunichukua mimi?"

"Vyote viwili."

"Cha kwanza umepata. Cha pili anza upya, na safari hii uniulize mimi."

Nikasema namuuliza hapo hapo. Akajibu kwamba hapo hapo ana kazi, akampelekea shangazi yake maji ya kunywa.